Faili Lililoitwa Ubatizo

Nilifika Mwembesongo siku ya hitima, si siku ya mazishi. Habari ya kifo cha Hamisi ilinikuta mlimani, mvua imekata barabara, na miguu yangu ya sasa haiziwezi tena njia za mkato. Alizikwa bila mimi. Nilipoingia uani kwake, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichambua mchele wa Dakawa, na wanaume walikuwa upande wa barabarani, chini ya turubai, wakimsubiri shehe. Mtawa mzee akiingia kwenye uwanja wa namna ile, maneno hupungua kidogo. Kisha mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye mtani wake wa Kiluguru?" Mwingine akajibu, "Ndiye. Kaeni chonjo na sufuria zenu, watani hawana adabu msibani." Wakacheka, nami nikacheka, na moyo uliokuwa umekaza tangu asubuhi ukalegea. Hamisi alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja Morogoro kusoma na akabaki. Mimi ni Mluguru. Babu zetu walitaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi, na sisi wawili hatukuona sababu ya kuacha.

Zuhura, binti yake wa kwanza, alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti chumbani mwa baba yake, ambako meza yake ya kazi ilikuwa bado imejaa nyaya. Huyu binti ndiye anayeitunza sasa programu ya hospitali yetu, kazi aliyoirithi tangu baba yake alipoanza kuugua. "Shikamoo, Sista," alisema, akakaa sakafuni mbele yangu. "Nina swali nimekaa nalo miaka. Baba nilipokuwa nikimuuliza alikuwa akicheka tu. Ndani ya programu ya hospitali kuna faili linaitwa ubatizo. Hospitali haibatizi mtu. Na sisi ni Waislamu. Limefikaje pale? Kila nilipotaka kulibadilisha jina aliniambia, 'Liache. Muulize Sista Benigna, yeye ndiye msimamizi wake.'" Nilimjibu kwa kifupi, maana shehe alikuwa anaingia. Lakini swali lile nilipanda nalo mlimani, na jibu lake la kweli ni mwaka mzima, nao ndio ninaouandika hapa.

Nilikuwa nimevuka arobaini, umri ambao watu hukuambia kwa upole kwamba yaliyobaki ni kufundisha wengine. Mimi nauhesabu mwaka ule kama ujana wangu, kwa sababu ndipo nilipojifunza jambo jipya kabisa, na mtu anayejifunza ni kijana hata akiwa na mvi. Nilikuwa mtunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ya misheni iliyoko nusu ya mlima. Chumba changu kilikuwa katikati ya famasi na jiko, kwa hiyo asubuhi kilinukia spiriti na kuanzia saa nne kilinukia maharage. Dirisha lilitazama bonde. Wakati wa masika ukungu uliingia ndani bila hodi, ukakaa juu ya mafaili, na kadi za wagonjwa zikalainika kama mkate uliochovywa chai. Siku wafadhili walipoleta kompyuta, Matroni, mtawa mwenzangu aliyeiongoza hospitali kwa macho zaidi ya maneno, alizifunika kwa vitambaa vya kudarizi kama vile vya makochi, akasema, "Sasa tunamsubiri huyo fundi wa kuzipa akili."

Fundi huyo, Hamisi, alikuja na begi moja na sweta jepesi la watu wa bondeni. Usiku wa kwanza alitetemeka hadi Matroni akampa blanketi mbili za wodini. Asubuhi tulimkaribisha mezani kwetu, tukamwekea chai ya mchaichai na sahani ya magimbi ya kuchemsha. Akayatazama. "Sista, na hiki ni nini?" Nikamwambia ni magimbi. "Chumvi je?" Nikamwambia magimbi ya Uluguru hayana haja ya chumvi, yana shukrani. Akala moja, polepole, kama mtu anayekula dawa. "Sasa nimeelewa kwa nini babu zangu walipita hapa na mizigo ya watu wala hawakutua." Nikamjibu, "Walitua, tukawapa magimbi, ndipo wakapata nguvu za kufika pwani. Wewe utazikwa hujui kula chakula cha heshima." Akaweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. "Haya, mtani. Siku nikifa, wenzako watakula pilau matangani kwangu, na wewe utaletewa magimbi. Bila chumvi. Nitaacha wasia." Watawa wadogo walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Kwa maneno hayo akawa wa nyumbani, na kila asubuhi ya mwaka ule yalirudiwa kwa namna fulani.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu inayofunguka kwenye kivinjari katika kila chumba: mapokezi, kliniki, wodi ya wazazi, famasi. Taarifa zote zingekaa mahali pamoja, kwenye kanzidata ndani ya seva moja iliyowekwa chumbani kwangu, na kila chumba kingeziomba kutoka humo. Mimi nilipewa kazi ya kumweleza jinsi tunavyofanya kazi, na yeye alipewa kazi ya kunifundisha anachofanya, kwa sababu siku moja angeondoka. Alinifundisha kwa subira ambayo mpaka leo naiombea malipo. Katika wiki za mwanzo tulibishana jambo moja tu. Mchoro aliokuja nao ulimwandika kila mtoto chini ya baba yake. Nikamwambia, "Hapana, Hamisi. Ukimuuliza mtoto wa huku lukolo yake, yaani ukoo wake, atakutajia wa mama. Baba anaweza kuwa mjini anauza nyanya. Anayemleta mtoto mgongoni ni mama. Ukimtafuta mtoto wa mlimani kwa jina la baba utazeeka." Akasema huko kwao ni kinyume. Nikamwambia huko kwao wasubiri programu yao. Akachora upya. Kila kadi ya mtoto ikawa na mkono unaoelekea kadi ya mama yake, na ukurasa wa kliniki ukaonyesha mama juu na watoto wake chini. Manesi waliupenda ukurasa ule kuliko yote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kompyuta iliwaona watu kama wao walivyowaona.

Anjela alikuwa mkulima wa kabichi kutoka kijiji cha juu yetu, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa na mtoto mmoja, Kosmas, na mimba ya pili. Mimba ya kwanza nusura imuue, si kwa uzazi wenyewe bali kwa sindano ya penisilini aliyochomwa baada ya kujifungua. Uso ulivimba, koo likaziba, na kama daktari asingekuwa mlangoni tungemzika. Tangu hapo kila aliyemhudumia aliambiwa: Anjela ana aleji ya penisilini. Kadi yake ya zamani ilikuwa na alama nyekundu. Kwa hiyo programu ilipoanza kutumika, nesi wa kliniki aliandika aleji ile katika ukurasa wake, akabonyeza kuhifadhi, maneno mekundu yakatokea juu ya jina, akaridhika, akamwita anayefuata.

Mwezi uliofuata Anjela alirudi, na maneno mekundu hayakuwepo. Matroni akamuuliza nesi, "Binti yangu, uliandika kwa kalamu au kwa macho?" Nesi akaapa aliandika. Akaandika tena mbele ya Matroni, wekundu ukatokea, wote wawili wakauona. Siku chache baadaye nikaufungua ukurasa ule mwenyewe. Weupe mtupu. Matroni aliniita mimi na Hamisi ofisini kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Anjela tunamjua," alisema. "Tutamwangalia kwa macho yetu. Lakini manesi wanabadilishana zamu, na wapya wanatoka mjini wanaiamini skrini kuliko mdomo wa mgonjwa. Ikifika siku yake ya kujifungua na mmemfuta tena, nani atamwambia mama yake? Ikiwa hamtajua sababu kabla ya siku hiyo, nitatoa kompyuta zote nje na vitambaa vyangu nitavirudisha kwenye makochi." Hakuna aliyecheka. Wala hakuwa anatania.

Hamisi alianza kutafuta. Mchana alikaa mbele ya seva, mimi pembeni yake na rozari yangu, kwa sababu katika mambo hayo huo ndio ulikuwa mchango wangu. Alikagua umeme, alikagua nyaya, alikagua kama kuna mtu anaingia na kufuta. Aliandika aleji ya uongo kwa mgonjwa wa uongo, ikakaa. Akaandika kwa mwingine, ikakaa. "Inamchukia Anjela peke yake?" alisema, akajishika kichwa. Nikamwambia kompyuta haina chuki, angalau tusiipe na hiyo. Nikafanya kazi niliyoijua: nikazunguka wodini na vijijini kuwauliza wagonjwa, mmoja mmoja, nani aliandikwa jambo na likapotea. Mzee mwenye kisukari, lake lilikuwepo. Msichana mwenye pumu, lake lilikuwepo. Mama Yustina, halikuwepo. Mama Rehema, halikuwepo. Nilirudi njiani nikiwataja kimoyomoyo kama litania, na kwenye daraja la mto nikasimama. Wote waliofutika walikuwa mama fulani. Niliingia chumbani na viatu vya matope. "Hamisi, wanaofutika ni wanawake waliokuja na watoto."

Akaufungua ukurasa wa kliniki, ule ulionifurahisha, mama juu na watoto chini, akaanza kuusoma upya kutoka ndani, mstari kwa mstari, akinieleza kadiri anavyosoma. Kila nesi anapofungua ukurasa au kubonyeza kitufe, programu huamka, huenda kwenye kanzidata, huchukua rekodi ya Anjela, na kuifanya kuwa kitu hai ndani ya kumbukumbu yake ya muda. Anjela huyo ndiye anayeonekana juu. Kisha inamchukua Kosmas. Kosmas ana mkono unaoelekea kwa mama yake, basi programu inakwenda tena kwenye kanzidata kumchukua mama wa Kosmas, na inamtengeneza kuwa kitu kingine. "Sista," Hamisi alisema polepole, "humu ndani kuna Anjela wawili. Mmoja ni Anjela wa juu. Mwingine ni mama wa Kosmas. Programu haijui kwamba ni mtu mmoja." Nesi anaandika aleji kwa Anjela wa juu. Akibonyeza kuhifadhi, programu inamhifadhi Anjela wa juu pamoja na aleji yake, halafu inamhifadhi Kosmas, na kwa uaminifu wake wote inamhifadhi na mama wa Kosmas, yule ambaye hakuna aliyemwandika kitu. Wa pili anamfunika wa kwanza. Skrini inaendelea kuonyesha wekundu, kwa sababu bado inamwonyesha wa juu. Ukifungua kesho, amebaki yule mtupu.

Jikoni mtu alikuwa anatwanga. Nilifikiri juu ya wanawake wa kijiji chetu, jinsi kila mmoja anavyoitwa kwa jina lake na kwa jina la mtoto wake, na hakuna anayefikiri kwamba ni watu wawili. Kosa lile lisingeweza kutokea mahali ambapo watoto wameandikwa kwa baba zao wasiofika kliniki. Lilikuwa kosa la kwetu, limezaliwa na desturi nzuri. Hamisi alisema, "Nikibadilisha mpangilio, mtoto ahifadhiwe kwanza, itapona hapa na itaugua kwingine. Famasi nayo inamwita mama. Maabara nayo. Kila mahali atazaliwa Anjela mwingine."

Jumamosi nilikuwa na zamu ya kusaidia ofisi ya parokia, ng'ambo ya uwanja. Hamisi alinifuata, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutoweza kufikiri akiwa peke yake. Alikaa kwenye benchi la wachumba. Mezani palikuwa na barua kutoka parokia moja ya Dar es Salaam: kijana aliyebatizwa kwetu amefunga ndoa huko. Nikafungua kitabu cha ubatizo cha mwaka aliozaliwa, nikautafuta mstari wake, nikaandika pembeni ndoa yake, mahali na mwenzi. "Kwa nini unaandika huko nyuma?" Hamisi akauliza. "Si ameoa Dar? Wamwandike Dar." Nikamweleza kile ambacho kila mwanafunzi wa katekesi anakijua na hakuna anayekishangaa. Mtu hubatizwa mara moja tu. Mstari wake uko mahali pamoja. Akipata kipaimara Songea, habari inarudi hapa. Akioa Mwanza, inarudi hapa. Mimi niliweka nadhiri za daima mbali na nyumbani, lakini zimeandikwa pembeni mwa ubatizo wangu, katika kitabu cha parokia ambako mama yangu alinipeleka nikiwa nimefungwa kwenye kanga. "Kwa hiyo Padre wa popote akitaka kujua habari za mtu," nikamwambia, "haanzishi mstari mpya. Kwanza anauliza: huyu ameshabatizwa? Wapi? Kisha anakwenda kwenye mstari uleule."

Hamisi alisimama. "Anauliza kwanza," alisema. "Kabla ya kumwandika, anauliza kama yupo."

"Ndiyo. La sivyo tungebatiza watu kila wakihama nyumba."

Akatoka bila kuaga. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja mbiombio, ndala moja imemtoka, akairudia. Mchana hakuja kula. Nilimpelekea sahani chumbani, nikamkuta anaandika faili jipya. Akanionyesha, nami nikalielewa, na furaha ya kulielewa sijaisahau. Faili lile lilikuwa mlinzi wa mlangoni. Programu ikitaka rekodi ya mtu yeyote, haikimbilii tena kwenye kanzidata. Kwanza inamuuliza mlinzi: katika kazi hii ninayoifanya sasa, mtu mwenye namba hii ameshaitwa? Kama ameshaitwa, mlinzi anamrudisha yuleyule, si mwingine anayefanana naye. Kama hajaitwa, ndipo anachukuliwa kutoka kanzidata, na mlinzi anamweka kwa namba yake. Anjela wa juu na mama wa Kosmas wakawa mmoja. Ukimwandika huku, ameandikwa kote. Juu ya faili alikuwa ameandika jina: ubatizo. "Mtani," nikamwambia, "wenzako msikitini wakiliona?" Akajibu bila kugeuka, "Nitawaambia nimeshawishiwa kwa magimbi."

Aleji ya Anjela iliandikwa upya, nayo ikakaa. Laiti ningeandika kwamba yaliishia hapo. Hamisi aliona kwamba programu imekuwa na kasi, kwa sababu haikwenda kwenye kanzidata mara nyingi kama zamani, na kasi ina utamu wake. Akamwambia mlinzi asisahau mtu yeyote siku nzima: atakayeitwa asubuhi abaki kwenye kumbukumbu, na vyumba vyote vipewe yeye. Kurasa zilifunguka kama kupepesa jicho. Manesi walimpigia makofi. Lakini siku moja niliingiza taarifa za Anjela moja kwa moja kwenye kanzidata, kama nilivyofanya kila wiki kwa matokeo ya maabara yaliyotoka mjini: damu imepungua, apewe dawa za kuongeza. Kliniki hawakuiona habari ile hadi kesho yake. Mlinzi aliendelea kuwapa Anjela wa asubuhi. Safari hii hakufutwa, ila amepitwa na wakati. Matroni alivitazama tu vitambaa vyake.

Padre wa parokia ndiye aliyetutoa hapo, bila kujua. Siku ile alikula nasi wali na njegere, akawa anamsimulia Matroni juu ya kijana wa Mafiga aliyetaka kufunga ndoa na akaleta cheti cha ubatizo kilichofifia, cha tangu alipokuwa darasa la saba. "Nimemrudisha," Padre alisema. "Analia kwamba cheti ni halali, kina muhuri. Nikamwambia, mwanangu, muhuri ni wa kweli. Lakini cheti hiki kinaniambia ulivyokuwa siku kilipotolewa. Hakiniambii ulivyo leo. Labda katikati umeoa kwingine na kitabu kimeandikwa pembeni. Nenda ukaniletee kipya, kilichotolewa kwa ajili ya ndoa hii." Kijiko cha Hamisi kilisimama hewani. Matroni akamuuliza kama kuna jiwe kwenye wali. "Hapana, Matroni," alisema. "Padre amemaliza kazi yangu." Padre, aliyekuwa mtu wa utani, akasema basi mshahara uje kwake. Jioni ile mlinzi alipewa amri mpya: kazi moja, kumbukumbu moja. Nesi akibonyeza kitufe, mlinzi anaanza mikono mitupu. Anawaita anaowahitaji, kila mmoja mara moja tu, na kazi ikiisha anawasahau wote. Anayefuata analetewa wapya. Kasi ikapungua kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Anjela alikuja mchana wa mvua, kwa machela, wanaume wanne wanateleza kwenye utelezi na mama yake nyuma amembeba Kosmas mwenye homa. Zamu ilikuwa ya nesi mgeni kutoka mjini. Alianza na mtoto, kwa sababu alikuwa anatapatapa: akafungua ukurasa wa Kosmas, akaandika joto, akaandika dawa, akahifadhi. Ilikuwa hatua ileile ya kuhifadhi mtoto pamoja na mama yake, ambayo zamani ilimfunika Anjela wa juu. Mimi na Hamisi tulikuwa mlangoni. Yeye hakuruhusiwa kuingia wodi ya wazazi, kwa hiyo niliingia peke yangu, naye akasimama kwenye korido, maji yakimchuruzika kutoka paani hadi begani, wala hakusogea. Mtoto tumboni mwa Anjela alikuwa amekaa vibaya, daktari aliamua kumpasua mama, na baada ya upasuaji hupewa dawa ya kuzuia maambukizi. Nesi alifungua ukurasa wa mama. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari, ningepiga kelele kama angekosea, lakini niliyabana kwa meno, kwa sababu kesho nisingekuwepo, na kesho kutwa, na kwa ajili ya akina mama wote ambao sitakuwepo kwao. Nesi akainama kwenye skrini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayefanya kazi yake, "Dokta, huyu ana aleji ya penisilini. Tumpe nyingine."

Nilitoka hadi koridoni. Hamisi aliniuliza kwa macho, nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo. Akageuka kuutazama ukuta. Mimi nikaenda zangu kanisani nikakaa benchi la mwisho, sikusali kwa maneno. Mtoto alikuwa wa kike. Alibatizwa kabla Hamisi hajaondoka, na Hamisi alikuja, akasimama nyuma kabisa na kofia yake mkononi, na nilipokuwa naandika jina la mtoto kitabuni, chini ya mama yake kama ilivyo desturi yetu, alinichungulia begani. "Mstari mmoja," alisema. "Mmoja," nikasema.

Hayo ndiyo niliyomwambia Zuhura, kwa ufupi. Alisikiliza akiwa ameweka mikono miguuni kwangu. Nje walikuwa wameshamaliza dua na watu wameanza kumtaja marehemu, kila mmoja na Hamisi wake. Mzee wa msikitini alimsifu Hamisi aliyefundisha vijana kompyuta bila malipo. Jirani alimsema Hamisi mbishi wa mpira. Mjane alisema kitu kwa sauti ndogo, wanawake wakacheka na kulia pamoja. Nikagundua kwamba Hamisi wangu, kijana wa sweta jepesi, amekaa kwangu miaka mingi bila kuulizwa habari mpya. Sikujua kwamba mwishoni macho yalikuwa yamempungua kwa kisukari, na kwamba Zuhura alikuwa akimsomea mistari ya programu kwa sauti naye akimwonyesha kosa lilipo. Sikujua kwamba alikuwa akimwambia, "Usiniamini ninavyokumbuka, fungua uone lilivyo leo." Nilipokea haya yote kama mtu anayeletewa cheti kipya. Mbele za Mungu hakuna Hamisi wa juu na Hamisi wa chini, wala wa zamani na wa sasa. Yupo mmoja, anajulikana mzima, na wala hasahauliki kazi ikiisha. Hilo naliamini kuliko ninavyoamini miguu yangu.

"Basi nisilibadilishe jina," Zuhura alisema.

"Liache," nikasema.

Tulitoka tukakaa uani, na pilau likaanza kupita, sinia kwa sinia, harufu yake imejaa nyumba nzima. Sinia za wanawake zikapita mbele yangu, hakuna iliyotua. Nikadhani wameniona mgeni wa heshima, nitapakuliwa peke yangu. Kweli Zuhura alirudi na sahani moja iliyofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Wanawake wakaacha kula, na nikaona kwamba wote walikuwa wanajua. Akapiga magoti, akaweka sahani mapajani mwangu, akafunua. Magimbi, ya kuchemsha, bado yanafuka moshi.

"Baba aliacha wasia," alisema. "Bila chumvi."

Nikayala yote.